Toleo lililotangulia liko wapi? Smalltalk, historia ya metodi na kamusi zetu

Mwandishi wa kamusi na mwandishi wa programu za kompyuta wana shida moja inayofanana: maandishi yao hayaishi. Kitomeo kinaandikwa leo, kesho kinasahihishwa, mwakani anakuja mtu mwingine na kukigeuza tena. Je, maandishi ya jana yanakwenda wapi? Kwenye kompyuta nyingi za wanafunzi jibu linaonekana katika majina ya mafaili: TFC_finale, TFC_finale_2, TFC_finale_vraie. Kila faili ni nakala nzima ya kazi nzima, na hakuna hata moja linaloweza kukuambia ni lini sentensi fulani ya ukurasa wa 14 ilibadilika, wala nani aliibadilisha.

Makala haya yanaeleza jinsi mazingira mamoja ya kuandikia programu, yaitwayo Smalltalk, yalivyojibu swali hilo zaidi ya miaka arobaini iliyopita. Jibu lenyewe ni la kiufundi, lakini linamhusu moja kwa moja kila anayekusanya maneno ya lugha za Kivu, iwe ni Kinande, Kihunde, Kinyanga, Kitembo au Kiswahili chenyewe kama kinavyosemwa Goma.

Vitu, klasi na metodi

Smalltalk ilibuniwa katika miaka ya 1970 kwenye maabara ya kampuni ya Xerox huko Palo Alto, California, na kundi la watafiti ambamo walikuwamo Alan Kay, Dan Ingalls na Adele Goldberg. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilitolewa nje ya maabara kwa jina la Smalltalk-80, na mwaka 1983 Goldberg na David Robson wakachapisha kitabu kinachoieleza kwa ukamilifu. Mwaka 1996 ilizaliwa Squeak, ambayo ni Smalltalk ya bure, na kutoka kwayo ikatoka Pharo, iliyoanza mwaka 2008 na kulelewa hasa na watafiti wa taasisi ya Inria nchini Ufaransa. Kwa sababu hiyo maelezo mengi ya Pharo yanapatikana kwa Kifaransa, jambo linalotufaa sisi tuliosomea kwa lugha hiyo.

Katika lugha ya aina hii programu ni jamii ya vitu vinavyopelekeana ujumbe. Kila kitu hubeba taarifa zake na hujua namna ya kujibu ujumbe unaoletwa kwake. Vitu vinavyofanana huwekwa katika kundi moja, na kundi hilo huitwa klasi. Mwanaisimu angependa kuliita ngeli, nami naliepuka neno hilo hapa ili lisichanganywe na ngeli za nomino nitakazozitaja punde. Jibu moja la kitu kwa ujumbe mmoja huitwa metodi. Tuseme tumeunda klasi ya nomino za ki-, na kila nomino inahifadhi shina lake. Tukiipelekea ujumbe wa kuomba umbo la wingi, metodi iitwayo wingi ndiyo itakayojibu. Metodi nzuri ni fupi, mara nyingi mistari mitano au sita. Ndiyo sehemu ndogo kabisa ya programu inayoweza kusomwa peke yake ikaeleweka, kama kitomeo kilivyo katika kamusi.

Maandishi yanakaa wapi?

Katika lugha nyingi za programu mwandishi hufanya kazi ndani ya mafaili. Anafungua faili refu, anashuka hadi mstari anaoutaka, anabadilisha, anahifadhi. Katika Smalltalk ya kawaida mwandishi haoni faili. Anafungua dirisha lenye orodha za klasi na metodi, anachagua metodi moja, nayo peke yake ndiyo inayojitokeza mbele yake. Vitu vyote, pamoja na klasi na metodi zenyewe, vinaishi ndani ya kumbukumbu ya kompyuta. Mtu anapohifadhi kazi yake, kumbukumbu yote hupigwa kama picha na kuwekwa kwenye diski; picha hiyo tuiite taswira. Kesho akiifungua, anakuta kila kitu kama alivyokiacha, hata madirisha yaliyokuwa wazi.

Hata hivyo metodi iliyo ndani ya taswira si yale maandishi aliyoyaandika mtu. Maandishi yamekwisha kutafsiriwa kuwa amri fupi ambazo mashine inazielewa. Maandishi yenyewe, yaani msimbo chanzo, yanakaa nje ya taswira katika mafaili mawili. La kwanza ni faili la vyanzo: lina msimbo wote uliotoka pamoja na toleo rasmi la mfumo, na huwa haliguswi. La pili ni faili la mabadiliko, ambalo hupokea kila metodi mpya au iliyorekebishwa tangu siku ile. Mwishoni mwa kila metodi iliyotafsiriwa kuna nambari inayoonyesha faili gani na mahali gani maandishi yake yalipo. Ukibofya jina la metodi, mfumo unasoma nambari, unakwenda pale, unakuletea maandishi.

Mpango huu ulitokana na ufinyu: kumbukumbu ya kompyuta za siku zile ilikuwa ndogo, na maandishi yangeijaza. Lakini una hatari yake. Mtu akihamisha taswira kwenye flashi na kulisahau faili la mabadiliko, programu inafanya kazi kama kawaida ila maandishi hayapo. Mfumo unaweza kujaribu kuyaunda upya kutokana na amri za mashine, na kinachopatikana ni mifupa tu: maelezo ambayo mwandishi aliwaachia wasomaji wake yamepotea, na majina aliyoyapa vigeu vya muda yamegeuka kuwa t1, t2, t3. Maana ya kimashine imebaki, ile ya mwandishi imekwenda.

Mnyororo wa matoleo

Faili la mabadiliko lina kanuni moja: huandikwa mwishoni tu. Hakuna kinachofutwa juu. Turudi kwenye mfano wetu. Toleo la kwanza la metodi wingi lilifuata Kiswahili sanifu na kutoa vi-: kitu, vitu. Kisha mwanafunzi fulani akatoka uwandani na kurekodi bitu, umbo ambalo kila mkazi wa Goma amelisikia, akaibadilisha metodi. Katika Squeak faili la mabadiliko litapokea mistari ya namna hii:

!Ngeli7 methodsFor: 'hesabu' stamp: 'mk 3/12/2024 09:41' prior: 50412876!
wingi
    ^ 'bi', shina! !

Tuisome kipande kwa kipande. Ngeli7 ni klasi. Neno hesabu ni kikundi ambamo metodi imewekwa ili ionekane kwa urahisi. Herufi mk ni vifupi vya jina la mwandishi, zikifuatwa na tarehe, mwezi ukitangulia siku kwa mtindo wa Marekani, na saa. Nambari ya mwisho ndiyo kiini cha jambo lote: inaonyesha mahali lilipo toleo lililotangulia. Mistari miwili inayofuata ni metodi yenyewe: toa bi, kisha uunganishe shina. Alama za mshangao zinaonyesha mwanzo na mwisho wa kipande, na kama alama hiyo inahitajika ndani ya msimbo wenyewe, huandikwa mara mbili.

Baadaye mtu wa pili anakumbuka mashina yanayoanza na irabu, kama la chakula, ambalo wingi wake husikika byakula. Anaongeza sharti. Toleo la tatu linaandikwa mwishoni mwa faili, likielekeza kwenye la pili, na la pili linaendelea kuelekeza kwenye la kwanza. Ni kama mtu anayejitaja kwa jina la baba, na baba kwa jina la babu: ukimshika wa mwisho, unaweza kurudi nyuma hadi chanzo. Mwandishi akitaka kuona historia ya metodi hafungui faili lolote. Anaomba orodha ya matoleo, na dirisha linamwonyesha kila toleo pamoja na vifupi vya jina na tarehe, na linaweza kulinganisha mawili na kuonyesha kilichoongezwa na kilichoondolewa. Akiamua kwamba toleo la pili lilikuwa bora, analirudisha. Hapo napo historia hairudishwi nyuma: toleo la pili linaandikwa upya mwishoni, kama toleo la nne. Ukweli kwamba watu walijaribu njia nyingine wakaiacha unabaki palepale.

Kuna faida nyingine ambayo wakazi wa mji wenye umeme wa kukatika wataielewa bila maelezo. Taswira huhifadhiwa pale mtu anapoamua kuihifadhi, lakini faili la mabadiliko huandikwa papo hapo kila metodi inapokubaliwa. Umeme ukikatika saa kumi baada ya kazi ya mchana mzima, taswira itarudi ilivyokuwa asubuhi, ila mabadiliko ya mchana yamo ndani ya faili. Mfumo una zana ya kuyasoma tangu hifadhi ya mwisho na kuyarudisha moja baada ya jingine.

Mipaka ya mpango huu

Mnyororo huu una udhaifu wa aina nne. Kwanza, unafuata jina. Metodi ikibadilishwa jina, ile mpya inaanza historia yake upya, na uhusiano wake na ile ya zamani hauonekani tena kwa njia ya kawaida. Pili, faili la mabadiliko hukua daima, kwa hiyo ipo amri ya kulipunguza: inabakiza toleo la mwisho la kila metodi na kuyaacha mengine yote. Amri moja, na mnyororo umekatika. Tatu, vifupi vya jina huandikwa na mtu mwenyewe, na hakuna kinachomzuia kuandika vya mwenzake. Nne, faili hili ni la taswira moja katika kompyuta moja. Watu kumi wenye taswira kumi wana historia kumi.

Udhaifu huu wa nne ndio uliowasukuma watu wa Smalltalk kutafuta njia nyingine. Ilikuja Monticello, zana inayohifadhi kifurushi kizima cha klasi na metodi kwa pamoja na kuwawezesha watu wengi kuunganisha kazi zao. Baadaye Pharo ilielekea kwenye Git, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005 na ambao leo unatumiwa na waandishi wa programu karibu kila mahali. Git huhifadhi hali ya mafaili yote kwa wakati mmoja, pamoja na jina la mwandishi, tarehe, na sentensi ya kueleza sababu ya mabadiliko. Nakala kamili ya historia inaweza kukaa katika kompyuta nyingi, ili moja ikiungua nyingine zibaki.

Hapo kuna faida kubwa na kuna kilichopungua. Git inajua mafaili na mistari. Haijui metodi ni nini. Ili kupata historia ya metodi moja, zana nyingine inabidi iichimbue kutoka katika historia ya faili. Chaguo la kipimo, yaani kama historia ifungwe kwenye kitabu, ukurasa, mstari au kitomeo, linaamua maswali gani yatajibiwa kwa urahisi baadaye na yapi yatahitaji kazi ya siku tatu.

Kamusi kama faili kubwa

Sasa tuzitazame kamusi za Kiswahili kwa jicho hilo. Kamusi ya Ludwig Krapf ilitoka London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Ya A. C. Madan, ya Kiswahili kwa Kiingereza, ilitoka mwaka 1903. Ile iliyosimamiwa na Frederick Johnson kwa niaba ya Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilitoka mwaka 1939, na mwanzoni mwake inasema wazi kwamba imejengwa juu ya kamusi ya Madan. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ilitoka mwaka 1981, ikafuatwa na toleo la pili mwaka 2004 na la tatu mwaka 2013.

Kauli ya Johnson kuhusu Madan ni kielekezi cha kurudi nyuma, na ni kielekezi cha kweli. Lakini ni kimoja kwa kitabu kizima. Mwanafunzi anayetaka kujua fasili ya neno fulani ilibadilika lini, na ilibadilika kwa ushahidi wa nani, hana budi kuvipanga vitabu hivyo mezani na kulinganisha neno kwa neno. Vitabu vya karatasi visingeweza kufanya vinginevyo. Sisi tunaofanya kazi kwa kompyuta tunaweza, na mara nyingi hatufanyi.

Chukua zana zinazotumiwa na wanaisimu wa uwandani. Katika Toolbox, programu ya zamani ya SIL, kila kitomeo ni kifungu cha mistari yenye alama mwanzoni: \lx kwa neno, \ps kwa aina ya neno, \dt kwa tarehe. Tarehe hiyo ni ya badiliko la mwisho tu. Ukigusa kitomeo leo, tarehe ya leo inaifuta ya jana, na kilichobadilishwa hakionekani popote. FLEx, programu ya SIL iliyofuata, inahifadhi tarehe ya kuundwa kwa kitomeo na ya kubadilishwa kwake mara ya mwisho, na ina njia ya kupeleka na kupokea kazi kati ya wenzako ambayo nyuma yake kuna mfumo wa kutunza matoleo uitwao Mercurial. Historia basi ipo kwa anayeitumia njia hiyo. Anayefanya kazi peke yake na kunakili faili kwenye flashi hana.

Madhara yake ni makubwa kwetu kuliko kwa wenye lugha zilizokwisha kuandikwa sana. Turudi kwa bitu. Mwanafunzi ameliandika kama alivyolisikia. Anakuja msahihishaji mwenye nia njema, aliyelelewa na kamusi za Dar es Salaam, anaona kosa na kuandika vitu. Faili linahifadhiwa. Kuanzia hapo hakuna anayeweza kujua kwamba kulikuwa na ushahidi wa bi-, kwamba ulitoka kwa mzungumzaji wa umri gani, mtaa gani, siku gani. Usahihishaji umekuwa ufutaji, na aliyefuta hajui kwamba amefuta. Kwa mnyororo wa matoleo, masahihisho yaleyale yangekuwa toleo la pili lenye jina na tarehe, na toleo la kwanza lingebaki likisubiri mtu wa kulitetea.

Mfano mzuri wa kutunza matabaka tunao katika Kongo hii hii. Mwaka 1990 Johannes Fabian alichapisha andiko la historia ya mji wa Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, lililoandikwa kwa Kiswahili cha Katanga mwaka 1965 na André Yav. Tahajia ya andiko hilo haifuati kanuni za shule, na maneno yake hayakutenganishwa kama tulivyozoea. Badala ya kulisafisha, Fabian aliliweka andiko kama lilivyo, kando yake akaweka unukuzi wa namna lilivyosomwa kwa sauti na Kalundi Mango, kisha tafsiri ya Kiingereza. Msomaji anaweza kurudi hadi kwenye herufi za kwanza.

Tunaweza kufanya nini hapa

Si lazima tujifunze Smalltalk. Jedwali la kawaida linatosha, mradi kanuni zifuatwe. Kila kitomeo kipewe nambari isiyobadilika, ambayo si neno lenyewe, ili tahajia ikirekebishwa au toni zikiongezwa mnyororo usikatike. Hapo tutakuwa tumeukwepa udhaifu wa kwanza wa Smalltalk. Kila badiliko liwe mstari mpya chini ya mingine, wenye nambari ya kitomeo, maelezo mapya, vifupi vya mwandishi, tarehe, na nambari ya mstari uliotangulia. Iongezwe safu ya sababu, ambayo muhuri wa Squeak hauna: umesahihisha kwa sababu ulimsikia mtu, kwa sababu uliona kamusi, au kwa sababu ulidhani tu? Nakala zikae katika mashine zaidi ya moja na ikiwezekana nje ya mji. Goma ilipitiwa na lava ya Nyiragongo Januari 2002, na Mei 2021 sehemu ya mji iliamriwa kuhama kwa saa chache. Wengi waliondoka na walichoweza kubeba mkononi.

Kuna swali moja ambalo watu wa Palo Alto hawakulazimika kuliuliza. Kumbukumbu isiyosahau ni nzuri kwa maneno, lakini inaweza kuwa hatari kwa waliotupa maneno hayo. Katika eneo lenye vita, jina la mtu, kijiji chake na tarehe ya mahojiano vikiwekwa pamoja vinaweza kumletea madhara ambayo mtafiti hakuyafikiria. Na mzungumzaji aliyekubali kurekodiwa mwaka jana ana haki ya kukataa mwaka huu. Kwa hiyo majina ya wazungumzaji yasiingie kwenye mnyororo kabisa. Iingie alama, na ufunguo wa alama hizo ukae kwenye daftari tofauti, mahali tofauti, ili ukiondolewa ukurasa mmoja wa daftari mtu huyo asijulikane tena na historia ya neno isiguswe. Ile amri ya kupunguza faili nayo isitumiwe na mtu mmoja usiku kwa sababu diski imejaa; iwe uamuzi wa kundi, wenye tarehe na sababu kama badiliko jingine lolote.

Orodha za maneno zilizokusanywa kwa ajili ya TFC za miaka iliyopita zimetawanyika katika kompyuta za wanafunzi na walimu. Nyingi zimesahihishwa mara kadhaa, na hatujui zilikuwaje mwanzoni. Kwa hizo hatuna tena la kufanya zaidi ya kuzikusanya na kuandika kwenye mstari wa kwanza kwamba ndilo toleo la zamani zaidi tulilo nalo. Kwa zitakazoanza mwaka huu, safu sita za jedwali zinaweza kukubaliwa katika kikao kimoja, kabla mtu wa kwanza hajatoka kwenda uwandani.